Kusawazisha bustani yenye mteremko Kigoma: ukuta wa mawe, gabioni au tofali?

Mteremko_Mwanga: Wakuu, naomba ulinganisho. Bustani iko Mwanga, udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Ukuta utakuwa na urefu wa mita 12 na kimo cha mita 1.2 juu ya ardhi. Mafundi wamependekeza mawe na saruji, gabioni (vikapu vya waya vinavyojazwa mawe), au tofali za inchi 6. Kipi kitahimili mvua?

JiweMsingi: Tofali za inchi 6 ziondoe kwenye hesabu. Ukuta wa nyumba hubeba uzito unaoshuka, huu unasukumwa ubavuni. Ukiwa mwembamba hivyo bila nondo, utatoa tumbo, kisha ufa wa kulala, kisha chini.

Jenga kwa mawe. Msingi ukishuka sentimita 40, kimo chote ni mita 1.6, basi kitako kiwe sentimita 80 na juu 40. Uso uinamie kilimani sentimita 10 kwa kila mita. Hapo una mita za ujazo 11.5 hivi, na kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 4 andaa mifuko 25 hadi 30 ya saruji. Kila mita ya mraba weka jiwe refu linalozama ndani ya ukuta, la sivyo uso hubanduka. Gonga jiwe kwa nyundo kabla ya kulinunua: linalolia ni zuri, linalomeguka ukingoni liache.

Bonde_Kilima: Vipimo nakubali, lakini kinachoangusha kuta nyingi ni maji. Mfinyanzi ukilowa huvimba na hauyaachii. Gabioni hupitisha maji kila mahali, na ardhi ikititia kidogo vikapu hujikunja bila kupasuka. Chini weka vikapu 6 vya mita 2×1×1, vizikwe sentimita 30, juu yake 6 vya 2×1×0.5. Mawe ni mita za ujazo 18, ya sentimita 10 hadi 20, yasipenye kwenye matundu. Ya usoni yapangwe kwa mkono. Kikapu chenye kimo cha mita 1 kifungwe waya wa kuvuta, mbele hadi nyuma, kila kikijaa theluthi. Ukiruka hatua hii kinafura.

JiweMsingi: Mawe na saruji nayo hutoa maji ukiweka bomba za inchi 3 kila mita 1.5, zikiinamia mbele, na nyuma yake kokoto upana wa sentimita 30 kuanzia chini, zikitenganishwa na udongo kwa geotekstaili, yaani kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Wengi huweka bomba kisha hurudishia mfinyanzi moja kwa moja, na bomba huziba mapema sana. Pia gabioni hula mita nzima ya bustani.

Mteremko_Mwanga: Na kuta mbili fupi?

PimaMaji: Kwa mtu wa bustani, hilo ndilo chaguo langu. Msukumo hukua kwa mraba wa kimo: ukuta wa mita 1.2 husukumwa mara 4 ya ule wa sentimita 60. Wa juu ukae nyuma ya wa chini angalau mita 1.2, usije ukaulemea kwa uzito wake. Ukanda wa katikati panda mchaichai, mizizi yake hushika udongo vizuri.

Saruji imwagiliwe siku 7 kabla ya kujaza. Rudishia udongo tabaka za sentimita 15, shindilia kila moja kwa mkono. Maji ya bati yapitishwe kwenye mfereji hadi pembeni, yasimwagike nyuma ya ukuta kamwe.