Mjadala: Jengo la Nairobi likadiriwe kwa joto la nje au kwa vioo vyake?

Mwanzisha mada: Mimi naona kibali cha kujenga ofisi Nairobi kisitolewe mpaka mwenye jengo aonyeshe viyoyozi na hita zitakula stima kiasi gani. Hesabu ni nyepesi: chukua wastani wa joto la siku, ulinganishe na nyuzi 18, ambapo jengo huhesabiwa halihitaji kupashwa joto wala kupozwa, ujumlishe tofauti za mwaka mzima. Ulaya na Marekani wameitumia miaka nenda miaka rudi. Nani anapinga?

Wa Upper Hill: Kukadiria naunga mkono, ila kwa hesabu hiyo hapana, kaka. Ijaribu. Siku ya Januari yenye nyuzi 26 mchana na 12 usiku, wastani ni 19. Imezidi kwa nyuzi moja, yaani jengo karibu halihitaji kupozwa. Sasa njoo ofisini kwetu saa kumi jioni. Ukuta mzima wa magharibi ni kioo, tumebandika karatasi za manila madirishani, na kiyoyozi bado kinanguruma. Kioo cha kawaida kikipigwa na jua lile, mita moja ya mraba huingiza wati 500 hivi. Mita 40 ni kilowati 20. Watu 30 walioketi hutoa kama kilowati 3. Hewa ya nje ina kosa gani hapo? Ingetusaidia, kama madirisha yangefunguka. Hayafunguki!

Tena tuko karibu na ikweta. Kuta za kaskazini na kusini unazikinga kwa kibaraza kifupi tu juu ya dirisha, lakini jua la asubuhi na la jioni huja chini chini, kibaraza hakifui dafu. Anayekadiria aulize kwanza vioo vinatazama wapi.

Fundi Syokimau: Dada, mteja ndiye anayetaka vioo. Mchoree dirisha dogo uone kama hajatafuta mwingine. Na hiyo karatasi ya makadirio itakuwa mlango mpya wa kitu kidogo.

Wa Upper Hill: Kitu kidogo kipo, karatasi iwepo isiwepo. Na huyo mteja wako mwonyeshe ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, hapa hapa Nairobi, 2011: hazina viyoyozi. Hewa huingia madirishani, ikipata joto hupanda na kutokea juu ya ukumbi wa katikati. Nani amewahi kusema hazina hadhi?

Mwanzisha mada: Na Julai? Nyuzi 21 mchana, 11 usiku, wastani 16. Hapo hesabu yangu inasimama.

Wa Upper Hill: Julai sikubishii sana, jua lenyewe halionekani. Ila hita zetu ni zile za kuchomeka chini ya meza, kila mtu na yake, na hazimo kwenye mchoro wowote. Utazikadiriaje?