Giulietta anapotoka getini: ameachwa, au ametoka?

Mama Nuru:
Wapenzi wa filamu, hamjambo. Jana usiku nimemaliza filamu ya Giulietta degli spiriti (Giulietta wa Mizimu) ya mwongozaji Mwitalia Fellini, ya 1965. Mhusika mkuu, Giulietta, anaigizwa na Giulietta Masina, mke wa Fellini mwenyewe. Mumewe katika filamu anataja jina la mwanamke mwingine usingizini. Giulietta anakwenda kwa wapelelezi, nao wanamwonyesha picha za mumewe akiwa na kimada. Hadi hapo ni kisa cha mtaa wowote, ila mizimu imeshaanza kuingia sebuleni.

Kilichonikaa ni lile igizo la shule. Alipokuwa mdogo, masista walimpa nafasi ya shahidi wa dini, wakamfunga juu ya chuma cha kuchomea, moto wenyewe wa karatasi. Mwishoni anamkuta mtoto yule bado yuko palepale, kafungwa. Mama yake anamkataza asiende. Anamjibu kwamba hamwogopi tena, na mlango unafunguka wenyewe.

Kisha anatoka getini peke yake. Mume keshaondoka. Je, ameachwa, au amekuwa huru? Mwaka jana nami nilibaki na nyumba tupu, na majirani wote walinipa neno moja tu: pole.

Mzee wa Reli:
Pole, binti yangu. Kwangu mimi ameachwa. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Fellini yenye rangi, na rangi zinakuchosha macho, halafu mwisho ni mama mmoja mdogo chini ya misonobari. Mbona aende peke yake?

Binti Pwani:
Shikamoo mzee. Naomba nikupinge. Mkumbuke Suzy, jirani yake mwenye mtelezo wa kuserereka kutoka chumbani hadi bwawani. Giulietta alikwenda kwenye sherehe yake, akapewa kijana, akamwona yule shahidi anaungua, akakimbia. Njia ya mama yake ilimfunga, na ya Suzy haikuwa yake. Aende na nani sasa?

Mama Nuru:
Asanteni. Mzee, neno lako "peke yake" limenirudisha nikatazame tena. Akishamfungua mtoto kamba, mtoto anakimbilia kwa babu, yule babu aliyelisimamisha igizo siku ile. Na babu anamwambia Giulietta asimng'ang'anie, hamhitaji tena. Nilipotazama mara ya kwanza hapo nilikuwa nalia, sikusikia.