Naomba ushauri: tangu mwanangu augue surua, kifua hakimwachi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Barani, Malindi. Mwanangu alishikwa na surua akiwa na miezi 8, yaani mwezi mmoja tu kabla ya chanjo yake. Upele uliisha, lakini kifua ndiyo hakiishi; leo ana miezi 14 na chupa za dawa sizihesabu tena.

Wiki jana alipigwa picha ya kifua. Nikaona kivuli kipana juu ya moyo, mwili ukanifa ganzi. Daktari akacheka kidogo: ile ni thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ndiko seli T za kinga zinakokomaa. Kwa watoto wachanga ni kubwa, kisha husinyaa mtu akishabaleghe. Nikatulia. Ila akaongeza kuwa virusi vya surua huweza kuingia hata humo, tena hufuta kumbukumbu ya kinga. Nikatafuta, nikakuta utafiti wa 2019 wa watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa: baada ya surua walipoteza asilimia 11 hadi 73 ya kingamwili zao. Sikulala.

Sasa, zile chanjo alizopata wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hurudiwa? Kuna kipimo cha kuonyesha kinga imerejea? Na aliyepitia haya, mwanawe alichukua muda gani kutengemaa?

Mama yangu keshaamua ni kijicho, anamfukiza ubani asubuhi na jioni. Na kifua chenyewe ndicho hicho! Nimwambieje bila kumuudhi?