Nairobi mpaka New York ni masaa 7 au 15? Tiketi ya mama inanichanganya

mtu_wa_kitui: Wakuu habari za jioni. Mama anaenda kumwona mjukuu New York January, na hajawahi kupanda ndege hata ya Mombasa. Tiketi inasema anatoka JKIA (uwanja wa Nairobi) 23:25 anafika JFK (uwanja wa New York) 06:25, mimi nikapiga hesabu haraka nikapata masaa 7, nikamwambia mama utasinzia tu uamke umefika. Alafu kuangalia chini naona imeandikwa masaa 15, na kurudi masaa 14 na nusu. Kwani njia ya kurudi ni fupi??

Kamau wa mawingu: Hahaha mpigie mama umwambie ukweli mapema. Hio 06:25 ni saa ya kule. January wako nyuma yetu masaa 8, kwa hivyo akitua nyinyi huku ni saa nane na dakika 25 mchana, mshakula na vyombo mshaosha. Akienda July tofauti ni masaa 7 manake wao husogeza saa mbele.

fundi_anga: Umbali ni ule ule, kama km 11,800. Kinachobadilika ni upepo, kule juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenda ndege inapigana nao, kurudi inasukumwa. Na usidanganywe na ramani ya ukutani, chukua globu na uzi, shika Nairobi vuta mpaka New York, utaona uzi unakatiza Sahara unatokea Morocco ndio unaingia baharini. Ile kuondoka usiku pia inasaidia, JKIA iko mita 1,600 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, na ndege imebeba mafuta ya masaa yote hayo, si mchezo kuinyanyua.

dada_wa_bronx: Afadhali mama yako anaenda moja kwa moja, hio ya KQ (Kenya Airways) ilianza October 2018, sisi wa zamani tulikuwa tunashukia Amsterdam au Dubai. Ila chunga sana saa za Kiswahili. Shangazi yangu alimwambia mjomba kwa simu "nafika saa sita na dakika 25" vile alivyoisoma kwa tiketi, mjomba akaja mchana!! Alimkuta amekalia begi, shuka amejifunga mpaka kichwani, hakumsalimia mpaka wakafika nyumbani.

mtu_wa_kitui: Duh, nimeshaandika kwa karatasi SAA KUMI NA MBILI NA DAKIKA 25 ASUBUHI. Mama anasema masaa 15 si kitu, yeye alishakaa kwa basi kutoka asubuhi mpaka usiku lori lilipopinduka Mtito Andei. Shida yake ni asali ya mjukuu kilo mbili, anataka kuibeba mkononi.

dada_wa_bronx: Mkononi watamnyang'anya, mwisho ni mililita 100. Ifungwe vizuri kwa begi kubwa, na akifika aseme anayo asifiche.