Miaka 39, nirudie mu darasa la sudure (kuunga chuma kwa moto) ao niache tu?

sudere_katuba
Bayaya mambo. Miye niko sudere hapa Katuba, mu Lubumbashi (L'shi), tangu 2011, milango, madirisha, portai (mageti), bageti ya 6013, ile fimbo ya kusudia, njo imesomesha batoto. Mwezi uliopita rafiki akaniita kwa teste ya sudere wa matiyo (mabomba), kazi ya mu mugodi. Banafunga tiyo kwa mushazari wa digri 45, haizungushwe, weye njo unaizunguka. Inje ilitoka muzuri hata mukubwa wa teste alisema bravo, kisha bakakata vipande bakakunja, kyee, ikapasuka ndani kwa mushono wa kwanza. Kijana wa miaka 22 mwenye breve, karatasi ya kuonyesha alisoma kazi, akapita, miye nikarudia na maski yangu mu bisi. Sasa niende kukaa na batoto mu darasa? Na atelie nani atachunga?

papa_argon
Mudogo, ile teste njo banaita 6G, kuanguka pale si haya. Kwa portai unazibaka nafasi tu, kwa tiyo moto lazima upite mpaka ndani. Na kama bakikupa bageti ya 7018, angalia isilale kwa baridi ya mvua juu maji inaleta idrojeni, chuma inapasuka kisha kupoa, unazani ni mukono wako kumbe ni bageti. Tafuta vipande vya tiyo kwa bantu ba mitraye (vyuma vikukuu), suda, kata, kunja mu etau (chuma ya kubana) weye mwenyewe.

mwana_kenya
Uliza kwa INPP, chuo cha serikali cha kufundisha kazi, ile ya tangu 1964, haiko ya vijana tu, hata batu benye kazi banaendaka kuongeza ujuzi. Omba sudure ya matiyo peke, usianze na mambo ya bageti ni nini.

mzee_franka
Breve ni karatasi, L'shi kazi ni kujuana.

mama_depo
@mzee_franka kujuana alikuwa nayo, si rafiki njo alimuita? Tiyo ikapasuka na kujuana yake yote. Miye Excel nilijifunza na miaka 46 kwa mwanangu, saa ya kurant (umeme) tu, alinicheka wiki nzima, leo stoki yote ya depo ninaandika miye.

sudere_katuba
Aksanti bote 😂 Nimepata mita moja na nusu ya tiyo. Papa, 7018 naweza kukausha mu furu ya mikate ya bibi?

papa_argon
Hapana! Ile inaomba digri 300 na kitu, na bibi atakufukuza. Nunua pakiti yenye kufungwa, fungua asubui, maliza siku ile ile.