Natuma kidogo nakatwa nyingi, mwenzangu anatuma nyingi anakatwa kidogo. Bitcoin inahesabuje makato?

Kipepeo wa Nyegezi
Wakuu, heshima kwenu. Naomba kueleweshwa kabla sijaingia hasara.

Natafsiri nyaraka, mteja yuko nje, ananilipa kwa Bitcoin kila nikimaliza kazi. Tangu mwaka uanze yameingia malipo 14, madogo madogo, jumla satoshi (sehemu ndogo kabisa ya Bitcoin) 420,000 hivi. Jana nataka kuzipeleka soko ninakouzia, waleti ikaniambia makato ni 42,320. Sehemu ya kumi ya jasho langu! Nikajua nimekosea, nikarudia, jibu lile lile.

Kilichoniuma zaidi: muda huohuo, benchi moja, jamaa yangu kahamisha 0.05 BTC, zaidi ya mara kumi ya zangu, kakatwa 2,820. Wote tuliweka 20 sat/vB, yaani satoshi 20 kwa kila baiti ya muamala. Waleti yangu ni ya siku nyingi, anwani inaanza na 1. Yake inaanza na bc1q. Nimezoea pesa za simu, ukituma kubwa unakatwa kubwa. Hapa naibiwa au?

Konda Mstaafu
Huibiwi mkuu. Nimefanya kazi ya basi miaka mingi. Mwenye gunia la dagaa alilipia mzigo, mwenye bahasha yenye hati ya nyumba hakulipa hata mia. Konda hapimi thamani, anapima nafasi kwenye buti. Na wachimbaji wa Bitcoin, wale wanaoingiza miamala kwenye daftari, ndivyo walivyo: bloku (kifurushi cha miamala) ina nafasi yenye kikomo, unalipia baiti unazokalia.

Hizo 420,000 unaziona kama fungu moja kwa sababu waleti inakujumlishia. Kiuhalisia una vipande 14, na kila kimoja lazima kitajwe na kisainiwe peke yake. Jamaa yako alikuwa na kipande kimoja tu.

Dada Hesabu
Konda kamaliza, mimi naongeza namba.

Kipande cha anwani ya 1 kikitumika kinakula baiti 148 hivi: 41 za kukitambulisha na 107 za saini pamoja na ufunguo wa umma. Chako: 148 mara 14 ni 2,072, ongeza 34 za anwani ya soko (naona nayo ni ya 1) na 10 za kichwa cha muamala. Jumla 2,116. Zidisha kwa 20. Ndiyo hiyo 42,320 yako, haijapungua hata satoshi.

Jamaa yako anatumia SegWit, mfumo wa anwani za bc1q, ulioanza kazi Agosti 2017. Humo saini zimetengwa, na kila baiti yake inahesabiwa robo tu. Kwa hiyo 107 inageuka kama 27, ongeza zile 41, kipande kizima kinakuwa 68. Kipande kimoja, njia mbili za kutokea (ya mpokeaji na ya chenji yake), muamala wote 141. Mara 20 ni 2,820.

Vipande 14 vile vile vingekuwa bc1q, ungelipa chini ya nusu ya unachodaiwa.

Tuma Fasta
Yote ya nini? Hamia USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata dola) ya mtandao wa Tron upumzishe kichwa.

Konda Mstaafu
Tuma Fasta, kwani Tron ni bure? Kule wanahesabu nishati, yaani kazi ambayo muamala wako unaupa mtandao. Tuma USDT kwa mtu ambaye anwani yake haijawahi kushika USDT, uone inavyokula karibu mara mbili. Kila mji na ushuru wake.

Kipepeo wa Nyegezi
Ahsante sana dada, sasa naona. Basi nafungua bc1q leo, nahamishia zote huko, halafu ndiyo natuma sokoni kwa bei rahisi. Sawa?

Dada Hesabu
Hapana, utalipa mara mbili. Kipande kinabaki na umbo la anwani kilikopokelewa. Kukitoa kwenye 1 utalipa 148 zilezile, kiende bc1q kiende wapi. bc1q itakusaidia kwa malipo yajayo.

Kwa hivi vya zamani, ukubwa hauugusi, unagusa bei ya baiti. Una haraka?

Kipepeo wa Nyegezi
Hapana, ni ada ya mtoto mwezi ujao. Na nusu tu inatosha.

Dada Hesabu
Basi subiri foleni ipungue. Mara nyingi mwisho wa wiki, alfajiri, bei inashuka. Siku hiyo fanya muamala mmoja: vipande vyote 14 viingie, nusu iende sokoni, nusu ikurudie kwenye bc1q yako. Na washa uwezo wa kupandisha makato baadaye, ukikwama usilie.

Mwambie mteja alipe mara moja kwa mwezi. Vipande 4 vikiwa kimoja, umeokoa bila ufundi wowote.

Pazia
Kuna upande mwingine. Ukiviunganisha vyote, yeyote anayeangalia mnyororo (daftari la wazi la miamala yote) anajua malipo yote 14 ni ya mtu mmoja. Kwa mshahara wa tafsiri pengine si kitu, ila ujue.

Mtaalamu24
Mkuu njoo inbox, nina njia ya kuondoa makato kabisa, nahitaji tu yale maneno yako 12.

Konda Mstaafu
Huyo mwizi, maneno 12 ndiyo ufunguo wa waleti yako yote. Mods!

Shabiki wa bc1p
Na Taproot, mfumo mpya zaidi wa anwani za bc1p? Kipande chake kikitumika ni baiti 57.5 tu.

Dada Hesabu
Kweli, tangu Novemba 2021. Ila anayekutumia analipia baiti 43 badala ya 31 za bc1q, na baadhi ya masoko ya zamani hayaitambui anwani hiyo kabisa. Kwa mteja asiye na subira, bc1q haina maswali.

Kipepeo wa Nyegezi
Mrejesho. Jumapili saa kumi na moja alfajiri bei ilikuwa 3. Vipande 14, njia mbili, baiti 2,147, nimekatwa 6,441. Ada ya mtoto ipo.

Mteja nimempa bc1q jana. Kajibu kwamba hatumi chochote mpaka nimpigie kwa video, anadhani nimedukuliwa. Namsubiri hewani saa hizi.