Nimelipia MGB ikarabatiwe, nimerudishiwa kutu iliyopigwa rangi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana huu si ubishi wa rangi na urembo. Hapa mtu angeweza kufa.

Nina MGB ya 1966, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi yenye paa la turubai, niliyoinunua hukuhuku Uingereza ninakoishi. Niliipeleka gereji moja ya Midlands, yaani katikati ya England, inayojinadi kuwa mabingwa wa magari ya zamani ya Kiingereza. Maagizo yangu yapo kwa maandishi: kwanza bodi, hasa sili, yaani zile kingo za chuma zinazopita chini ya milango. Bodi ikishakuwa imara ndipo tuiboreshe: giaboksi ya Ford ya gia tano (ya kwake ina nne na gia namba moja haina sinkronaiza, kile kifaa cha kufanya gia iingie laini), altaneta ya kuchaji betri badala ya dainamo, na rimu mpya za spoku. Nililipa kwa awamu, na kila nilipouliza nikajibiwa kwamba sili zimeshamalizika, sasa wako kwenye mambo mengine.

Gari lilitoka linang'aa kweli. Rangi ya kijani imelala vizuri, kromu safi, siti za ngozi. Haikuchukua muda mlango wa dereva ukaanza kugoma. Nikainama kutazama: nafasi kati ya mlango na bodi kwa nyuma, chini kidole kinapita, juu hata kadi ya benki haipiti. Nikapiga jeki pale kwenye tundu lake la katikati ya sili, mlango ukabana kabisa, haufunguki.

Kwa asiyelijua gari hili: MGB haina chesesi, yaani fremu ya chuma ya chini. Gari kama Triumph Spitfire lina chesesi yake peke yake, hata bodi ikioza kuna chuma chini kinachoshika. MGB bodi ndiyo inajibeba, na hii ya wazi haina hata paa la kusaidia, kwa hiyo uzito unashikwa na sili pamoja na handaki la giaboksi, lile tuta la katikati ya sakafu. Na sili si bati moja. Kuna bati la nje, kuna bati la kati lililosimama ndani, kuna na mhimili wa chini. Vyote vitatu vikichomelewa pamoja ndipo gari linakuwa gari. Vikioza, linakunjika katikati.

Nikalipeleka kukaguliwa kwa hiari yangu. Mkaguzi akaanza kugonga pembeni, sauti ikatoka nzito, ya kitu kilichojazwa. Nikaweka sumaku, haikushika. Puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi! Fundi mwingine akafungua upande mmoja mbele yangu. Bati jipya limechomelewa juu ya la zamani lililooza. Bati la kati limebaki vipande, unalivunja kwa vidole. Mhimili wa chini umepakwa lami nyeusi ili usionekane.

Na ushahidi kwamba walijua wanachofanya ni huu: bati lao linaanzia mlango unapoanzia na linaishia mlango unapoishia. Sili ya MGB haiishii hapo! Inaingia chini ya mbawa ya mbele, lile bati linalofunika gurudumu, na chini ya ile ya nyuma. Kuibadilisha inavyotakiwa, unafungua nati za mbawa ya mbele na kuitoa, unakata sehemu ya chini ya mbawa ya nyuma, na kabla ya kukata chochote unaweka vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango ili bodi isilegee. Hawa hawakugusa mbawa hata moja. Wakanitoza saa za kazi ambayo haikufanyika.

Umeme nao. Gari la mwaka ule, chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi. Ukiweka altaneta ya kisasa unageuza iwe hasi, na geji ya mizunguko ya injini lazima ibadilishwe ndani yake kwanza. Wao wamegeuza waya za betri tu. Geji imekufa, ile ya asili ya Smiths.

Nilipowarudia wakaniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo, niwaletee watautazama mlango. Hapana! Magari ya zamani hayako hivyo. Vipuri vya MGB vimejaa. Kampuni ya British Motor Heritage wanatengeneza bodi nzima mpya kwa mashine za asili tangu 1988. Hakuna sehemu ya sili isiyopatikana. Kilichokosekana ni uaminifu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tangu Mei 2018 gari lililozidi miaka 40, kama halijabadilishwa kupita kiasi, halilazimiki kwenda MOT, ule ukaguzi wa usalama wa gari, kila mwaka. Bado ni kosa kuendesha gari bovu, lakini hakuna anayelitazama. Gereji kama hizi zinaishi kwenye pengo hilo. Nisingelipeleka kwa hiari yangu ningempakia mwanangu nikaingia nalo motorwei.

Nimewaandikia barua rasmi nadai pesa zote za kazi ya bodi pamoja na gharama ya geji, na picha nimeambatanisha. Kulirudisha kwao sitaki.

Sasa naomba mlioko Midlands au hata mbali kidogo: nani anamjua fundi wa kuchomelea ambaye ataniruhusu nifike nione bati la kati kwa macho yangu kabla hajafunika la nje? Bei tutazungumza. Na kama kuna aliyewahi kudai gereji mahakamani kwa madai madogo hapa Uingereza akashinda, aje PM anieleze alianzia wapi.